Bahari ya Unyamwezi: Mwongozo kwa Mgeni Aliyeitwa Kuamsha Kompyuta Kuukuu Nzega

Karibu Nzega. Kama umeshuka stendi asubuhi hii na begi la bisibisi, CD tano, na ahadi ya kuamsha kompyuta zilizolala stoo tangu enzi za Mkapa, wewe ndiye ninayekuandikia. Keti kwanza, unywe chai. Michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ipo hapo kwa mama; itafune taratibu maana ni migumu, na subira itakayokufundisha utaihitaji kabla jua halijazama.

Hatua ya kwanza ni nyepesi: omba faili. Kila mahali penye kompyuta kuukuu pana faili. Huwa gumu, la bluu au kijani, mgongo umeonjwa na mchwa, na juu yake pameandikwa kwa wino mzito: KOMPYUTA, MAELEKEZO. Usiulize nani aliliandika. Aliyeliandika alishahamishwa kituo. Usiulize liliandikwa lini. Tarehe ni mambo ya watu wenye wasiwasi. Lipokee kwa mikono miwili, lifungue ukurasa wa kwanza, ufuate kila linachosema bila kuruka mstari. Ukifanya hivyo nakuhakikishia kwamba kufikia saa kumi jioni utakuwa umefika mahali ambapo hakuna fundi mwenzako aliyewahi kufika.

Mimi nimeshafika. Ilikuwa shule moja ya sekondari nje kidogo ya mji, yenye kompyuta 11 za mtumba zilizoletwa na wafadhili ambao nao walizipata zikiwa zimechoka. Nane zilikuwa Pentium 4, tatu Pentium III. Mwalimu wa kompyuta, kijana aliyetoka chuo mwaka uliotangulia, alinipokea getini.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwalimu. Wagonjwa wako wapi?"

Akanipeleka maabara, akafunua vitenge vilivyofunika mashine, kisha akaniwekea faili mezani kama mtu anayeweka hati ya shamba. "Kila kitu kimo humu, fundi."

Alisema kweli. Kila kitu kilikuwamo, na ndiyo iliyokuwa shida. Mlikuwa na karatasi za aina tatu, zimetobolewa na kupangwa kama mwongozo mmoja. Za mwanzo zilieleza namna ya kupiga Windows 98. Za katikati zilikuwa za Windows XP. Za mwisho zilihusu Debian, mfumo endeshi wa bure wa jamii ya Linux, toleo la 3.0 lililotoka Julai 2002. Mtu mwenye nia njema alizipa namba za kurasa kwa mfululizo, 1 hadi 64, akazirudufu zote kwa mashine moja ya fotokopi, zikawa na weupe mmoja na wino mmoja. Ukimaliza ukurasa wa 22 unaokufundisha kuandaa flopi ya kuwashia Windows 98, ukurasa wa 23 unakuambia ubonyeze F8 ukubali masharti ya leseni. Masharti ya nani, ukurasa hausemi. Unabonyeza tu, kwa imani.

Pembeni mwa karatasi za Kiingereza mtu mwingine, labda mwanafunzi, alijaribu kusaidia kwa penseli na kamusi. Palipoandikwa "boot" aliandika: kiatu cha buti. Palipoandikwa "driver" aliandika: dereva. Kwa hiyo ukurasa wa 31, ukiusoma kwa Kiswahili chake, unasema usiendelee kabla hujapata dereva wa diski. Nzega madereva hawakosekani. Malori ya Rwanda na Burundi yanapita hapa usiku na mchana. Hata hivyo sikumwita yeyote.

Hapa naomba nikutoe maabara kidogo, tutembee.

Nchi hii ilishawahi kuzamishwa na karatasi. Katikati ya miaka ya 1850 wamisionari wawili wa pwani, Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, walichora ramani ya bara bila kufika huku bara. Njia waliyotumia haikuwa ya kipumbavu hata kidogo: waliwauliza watu wa misafara. Aliyeshika njia ya kusini alisema safari yake iliishia kwenye maji makubwa. Aliyefika Ujiji akasema hivyo hivyo, na wa kaskazini naye akasema aliona maji yasiyo na ng'ambo. Erhardt akapiga hesabu: kama wote wanafika majini, basi maji ni yale yale. Ramani ikatoka na ziwa moja la ajabu, limelala katikati ya Afrika kama konokono asiye na gamba. Likaitwa Bahari ya Uniamesi, yaani ya Unyamwezi. Bahari nzima ikapewa jina la watu waliosifika pwani hadi bara kwa kutembea nchi kavu na mizigo!

Juni 1857 Richard Burton na John Speke wakaondoka Zanzibar kuitafuta. Novemba wakafika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, wakapokewa na mfanyabiashara Mwarabu, Sheikh Snay bin Amir, ambaye aliwaambia kwa utulivu kwamba bahari yao ni maziwa matatu: Nyasa, la Ujiji na la Ukerewe. Hakuwa na darubini wala chuo. Alikuwa amefanya biashara na watu wanaopita njia hizo, basi. Julai 1858 Speke akashika njia ya kaskazini kutoka Kazeh, huku huku kwetu, na tarehe 3 Agosti akayaona maji ya Ukerewe kwa macho yake.

Ninachotaka ukumbuke ni kwamba Erhardt hakudanganywa na mtu. Kila msafiri alimweleza ukweli wa ziwa lake. Kosa lilifanyika mezani, kwenye kuunganisha. Na nilipolifunga lile faili la bluu na kulitazama mgongoni, nilijua nimeiona tena bahari hiyo, kurasa 64, imetobolewa matundu mawili.

Turudi maabara. Washa mashine ya kwanza. Faili linasema ubonyeze Delete upesi ili uingie kwenye mipangilio ya BIOS. Bonyeza. Bonyeza tena. Mashine itakupita kama basi la Mwanza lisilo na nafasi. Delete ilikuwa kweli kwa mashine iliyokuwa mbele ya mwandishi. Dell husubiri F2, na F12 kama unataka kuchagua cha kuwashia. Compaq nyingi husubiri F10, IBM F1. Ukurasa wa 4 hauwajui hawa wote.

Ukurasa huo huo unakutaka uingize flopi. Katika mashine 11 tulikuta viendeshi vya flopi saba, na katika vitatu nyigu wa udongo alikuwa amejenga nyumba, kaziba mlango vizuri kuliko fundi wa ukuta. Ukurasa wa 31, ule wa dereva, ni wa XP: unasema kama diski ni ya SATA ubonyeze F6 na uingize flopi yenye draiva, la sivyo utapata kioo cha bluu chenye namba 0x0000007B. Tuliingiza nyigu, tukapata kioo cha bluu. Kwa XP sikuhangaika zaidi. Waliomtengeneza waliacha kumhudumia tarehe 8 Aprili 2014, na kumweka leo kwenye mashine itakayoguswa na flashi za wanafunzi ni sawa na kulala bila chandarua msimu wa mvua ukisema mbu wa mwaka huu ni wapole.

Tulikubaliana kuweka Debian. Kwa hiyo, mgeni, sasa ni wakati wa kuchagua CD, na hapa ndipo utakapofurahi. Faili linasema utafute toleo lenye jina i386. Ukiingia mtandaoni utakuta majina mawili yaliyokaa karibu: i386 na amd64. Unatazama kibandiko cha mashine, kimeandikwa Intel. Mgeni makini husema: mimi sina AMD, basi amd64 si yangu. Huenda amepata jibu sahihi, lakini kwa sababu ya kuchekesha. Jina amd64 limetokana tu na kampuni iliyotangulia kubuni namna ile ya biti 64; Intel nao wakaifuata. Ipo Pentium 4 inayoikubali, na ipo Pentium 4 isiyoitaka hata kuisikia, na kibandiko cha mbele ni kile kile kwa zote mbili. Utajua ukijaribu, ambapo kerneli, yaani kiini cha mfumo, itakuambia inahitaji chipu ya biti 64 na humu haijaiona.

Jina i386 nalo ni kama bango la duka lililobaki baada ya mwenye duka kuhama. Linataja chipu ya Intel iliyotoka 1985, chipu ambayo mfumo huo haupokei tena. Kerneli ya Linux iliiaga 386 katika toleo lake la 3.8, mwanzoni mwa 2013. Debian 9, ya mwaka 2017, ikadai chipu ya daraja la 686 kwenda juu, na bado CD ikaendelea kuitwa i386. Kisha ikaja Debian 13, Agosti 2025, na hiyo haina tena CD ya kupigia mashine za biti 32. Kwa hiyo akija mjuaji akakuambia uchukue toleo jipya kabisa kwa kuwa jipya daima ni bora, mpe michembe ashughulike nayo. Kwa mashine za shule ile toleo la mwisho lililofaa ni la 12, la Juni 2023. Pentium III nazo zililikubali, ila hazina maagizo ya SSE2 ambayo Firefox ya siku hizi inayadai, kwa hiyo zinaandika barua na kupiga hesabu, kurasa za mtandao hazifungui. Hilo nalo halimo ndani ya faili, kwa sababu lilipoandikwa halikuwa limetokea.

Utaniuliza: si uulize wazee? Wazee gani? Serikali ilileta kompyuta ya kwanza mwaka 1965, ikakaa Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni. Mtu wa Nzega ambaye leo angekuwa babu wa kazi hii, aliyeona diski ikiwa kubwa kama sinia na akabaki na hadithi zake, hayupo. Kwa baiskeli tunao mafundi ambao baba na babu zao walikuwa mafundi. Ukiwa na mnyororo usioeleweka utapata mzee chini ya mwembe atakayeutazama na kuutajia mwaka. Kompyuta zilitufikia zikiwa tayari mtumba, na karatasi zake zikiwa mtumba zaidi. Ndiyo maana tunalishika faili kwa mikono miwili.

Sasa hatua ya hatari. Faili linasema diski yako inaitwa hda, nawe unatakiwa uifute yote. Ilikuwa kweli. Zamani Linux iliziita diski za ule waya mpana wa IDE hda, hdb, na kuendelea. Baadaye njia ya kuziendesha ikabadilishwa, na kufikia Debian 6, Februari 2011, diski zile zile kwa waya ule ule zikawa sda, sdb, ukoo mmoja na flashi. Diski haikusogea hata nukta. Jina ndilo lililohama, likaenda kuishi nyumba moja na vitu vinavyochomekwa na kuchomolewa na kila mtu.

Mgeni anapoikosa hda kwenye orodha hutafuta inayofanana nayo. Nami, niliyeifanya kazi hii miaka mingi na nisiyejiita mgeni, nilifanya hivyo hivyo kwenye mashine ya tatu. Nyuma yake palikuwa na flashi ndogo ambayo mwalimu wa taaluma aliichomeka jana yake akaisahau, nami sikuzunguka kutazama. Kwenye kioo zilitokea diski mbili. Nilichagua kwa jina badala ya kuchagua kwa ukubwa. Diski ya mashine ilikuwa ya GB 40. Niliyoifuta ilikuwa ya GB 8, na ndani yake mlikuwa na alama za mtihani wa ndani wa kidato cha pili, mikondo mitatu.

Mwalimu wa taaluma hakupiga kelele. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akanitazama.

"Fundi, umemaliza?"

"Nimemaliza, mwalimu."

"Kweli kabisa umemaliza."

Kilichotuokoa ni karatasi za alama zilizojazwa kwa mkono, kila moja na sahihi ya mwalimu wa somo na tarehe ya kusahihisha. Tulikaa watatu, mmoja akisoma, mmoja akichapa, mmoja akikagua, umeme ukakatika saa tatu usiku, tukaendelea kwa taa ya sola na kompyuta mpakato ya mkuu wa shule. Katika karatasi zote nilizoshika siku ile, hizo tu ndizo zilizosema ziliandikwa lini.

Nina hakika umechoka, lakini bado hatujafika kwenye saa.

Ndani ya kompyuta kuna betri bapa kama sarafu, CR2032 ya volti 3, inayoishikia mashine saa wakati umeme haupo. Ikifa, kila ukizima, mashine husahau leo na kurudi karibu na siku iliyozaliwa. Mashine ya nne iliniambia ni tarehe 1 Januari 2002. Sasa ona hali yako. Kompyuta inaamini ni 2002. Faili linaamini ni 2002. Hawa wawili wanaelewana kama mtu na shemeji yake, hawana ugomvi wowote. Anayeharibu mkutano ni wewe na kalenda ya ukutani.

Lakini mtandao uko upande wa kalenda. Ukifungua ukurasa wowote uliolindwa, mashine itakataa ikisema cheti cha ukurasa huo bado hakijaanza kutumika, na kwa saa yake haijakosea. Mgeni akiona hivyo hubadilisha waya. Kisha hubadilisha modemu, kisha laini ya simu. Kisha hununua bando jingine, akatoka nje chini ya mwarobaini kuitafuta minara. Nimewaona. Hakuna hata mmoja aliyetazama ile saa ndogo kwenye pembe ya kioo, kwa kuwa faili halikumwambia aitazame. Lilipoandikwa betri ilikuwa mpya. Dawa yake haizidi bei ya chipsi mayai, nayo iko kwa fundi saa pale stendi, akiwa nayo.

Kisha utataka programu. Faili linakupa anwani ya ghala na neno "woody". Usikimbilie kamusi, yule wa penseli alishakimbilia na akaandika: enye miti. Matoleo ya Debian hupewa majina ya vikaragosi vya filamu ya Toy Story, na Woody ndilo toleo lile la 2002. Anwani ya zamani haina tena kitu chake. Watu wa Debian, na hapa nawasifu bila kejeli, hawakukitupa. Walikihamishia ghala la kumbukumbu, archive.debian.org, pamoja na matoleo mengine yote yaliyostaafu. Ila ghala la kumbukumbu lina taratibu zake. Sahihi za usalama za matoleo mengi yaliyomo zimeisha muda, na mashine yenye saa sahihi huzikataa. Wapo mafundi wanaoirudisha saa ya kompyuta nyuma makusudi ili sahihi zionekane hai. Nimeshafanya hivyo, mara mbili, na mara zote mbili nilisahau kuirudisha mbele.

Mfukoni mwa faili, nyuma kabisa, tulikuta CD isiyo na kasha iliyoandikwa kwa kalamu: Jambo. Mwalimu alidhani ni muziki. Ilikuwa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili iliyotolewa 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na washirika wao wa Uswidi. Tuliiweka kwenye Pentium III moja ambayo bado ilikuwa na Windows 98, ikafunguka, menyu yote Kiswahili. Mwalimu akakaa kimya akiisoma menyu moja baada ya nyingine, kama mtu aliyekuta barua ya ndugu yake kwenye nyumba ya kupanga. Programu ile imezeeka. Mwaka 2010 wengi wa waliokuwa wakiijenga OpenOffice walijitenga wakaanzisha LibreOffice, na hiyo ndiyo tuliyoweka kwenye mashine nyingine. Lakini nasema wazi, na atakayekasirika akasirike: waliofanya kazi ile ya 2004 walituheshimu kuliko wote waliotuletea marobota ya Kiingereza kilichorudufiwa. Tungeendelea pale walipoishia, kijana wa penseli asingekuwa anatafuta dereva.

Siku ya pili asubuhi, mkuu wa shule alikuja kusalimia. Alitazama mashine, akatazama faili, akaniuliza kama lifungiwe kabatini tena. Nikamwambia kisa cha kirangozi, nawe nakuambia.

Kirangozi ndiye aliyetangulia mbele ya msafara, na neno mwongozo ni la ukoo wake. Msafara ulikuwa mrefu. Aliyekuwa mkiani hakumwona wa mbele. Kwa hiyo kwenye njia panda aliziba njia isiyo yenyewe kwa tawi bichi, au alichora mstari vumbini, ili wa nyuma wasipotelee porini. Sasa fikiria tawi. Aliyefika jioni ile alilikuta na utomvu. Aliyefika baada ya wiki alikuta majani yamekunjamana, naye hakuhitaji kujua kusoma ili atambue kwamba msafara huo si wa leo, huenda kisima kimekauka, huenda njia imebadilishwa, aulize kijiji kinachofuata. Karatasi ya A4 hainyauki. Ukiirudufu, ndiyo kabisa inarudia ujana.

Mkuu wa shule aliyesikiliza haya ni mtu wa hesabu. Akasema, "Sawa, fundi. Basi likaushe."

Tulilifungua faili tukaligawa mafungu matatu, tukaandika juu ya kila fungu kwa kalamu nyekundu ni la mfumo gani na la mwaka gani. La Windows 98 limebaki kwa ajili ya ile mashine ya Jambo, kwa kuwa kwake bado ni kweli yote, hadi flopi. Kurasa za XP zilikwenda kufungia karanga. Kwenye ubavu wa kila kompyuta tulibandika karatasi yenye mistari mitano: aina ya chipu, kumbukumbu ilizonazo, kitufe cha kuingilia BIOS, toleo la mfumo, na tarehe. Mstari wa sita tumeuacha wazi kwa atakayefuata kuandika alichokikuta kimebadilika. Pia nilimwambia mwalimu akate pindo la kila karatasi itakapotimiza mwaka. Alidhani natania, ameshayakata mara moja.

Msaada wa muda mrefu wa Debian 12 umepangwa kuisha Juni 2028. Ukiyasoma haya baada ya hapo, mgeni, hata mimi nimenyauka: mtafute mwalimu yule kwanza, au atakayekuwa mahali pake, umuulize kabla hujatoa bisibisi. Na barabara ya kuja huku kutoka Tabora ni ya lami, hata kama kitabu chako cha safari kinakuambia ulete kitambaa cha kuzuia vumbi. Treni ya Mwanza nayo usiitegemee ikushushe mjini; inapita Bukene, kama ilivyopita tangu reli ile ilipokamilika mwaka 1928, na ramani zinazosema vinginevyo waachie waliozichora.

Kompyuta tisa kati ya 11 zinafanya kazi. Ya nane na ya 11 tulizichinja, vipuri vyake viko kwenye sanduku lililoandikwa tarehe. Ya nne inawaka vizuri ila kila asubuhi inaamka 2002, kwa sababu fundi saa wa stendi ameishiwa na CR2032. Anasema mzigo unatoka Tabora Jumanne.